Amani, Kisha Bunduki

Seremala alirudi kutoka vitani siku ya Jumanne, mkewe akiwa ameinama sebuleni anapiga deki. Mkewe alikuwa mwokaji katika tanuri la mikate la mtaa wa pili, na Jumanne ndiyo siku aliyopumzika, kwa hiyo ndiyo siku ya deki. Alisikia mlango, akainua kichwa, akamwona mumewe kizingitini na begi la turubai begani, amekonda, ndevu zimemvamia uso mzima. Nyuma yake alisimama mtu mwingine, mrefu, hana viatu, nguo zimemganda mwilini kwa maji.

Mwokaji aliacha tambara, akamkumbatia mumewe kwa muda mrefu. Alinuka moshi wa treni. Alipomwachia ndipo alipouliza.

"Na huyu nani?"

"Nilimuua," alisema Seremala.

"Karibuni ndani. Ila asikanyage pale, sijapamaliza."

Mgeni alipita pembeni kwa adabu, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Maji yalimtoka kwenye nywele, kwenye mikono ya shati, na kwenye tundu dogo chini ya titi la kushoto, yakadondoka sakafuni tone kwa tone. Mwokaji alikwenda jikoni akaleta beseni, akaliweka chini ya kiti. Kisha akachemsha chai ya watu watatu. Mgeni hakuinywa yake, lakini alikishika kikombe kwa viganja vyote viwili mpaka kikapoa.

Mtaani hawakuwa wao peke yao. Karibu kila askari aliyerudi alirudi na mfu wake. Fundi bomba alirudi na wawili, jambo lililomtia aibu, maana nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja. Mpishi wa kikosi alirudi mikono mitupu, na watu wakamsema kwamba vita vyote amevipigana nyuma ya masufuria. Makondakta wa treni hawakuwatoza wafu nauli, ila waliwakataza kukaa kwenye viti vya kitambaa.

Vita vyenyewe, tuseme ukweli, havikuwa vyao. Vilianza mbali, mataifa makubwa yakigombania mambo ya mataifa makubwa, vikaenea dunia nzima kama upele. Serikali ilikaa pembeni kwa miaka, ikiziuzia pande zote mbili nafaka na ngozi. Ilipoonekana wazi nani atashinda, ndipo redio ikatangaza kwamba heshima ya taifa imeguswa na uvumilivu umefika mwisho. Vijana wakapewa buti. Watu wakajipanga barabarani wakapiga makofi, na Mwokaji naye akapiga, maana bendi siku ile ilikuwa nzuri kweli. Baadaye redio ikatangaza kwamba wamevuka mto na kushinda.

Seremala alirudi kwenye karakana yake, Mgeni akamfuata. Siku za kwanza alisimama tu mlangoni akitazama. Baadaye Seremala alikwenda kununua misumari, akarudi akamkuta amechukua randa na kuanza kulainisha ubao uliokuwa umelazwa mezani. Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya mbao kila baada ya kusukuma, kama wanavyofanya watu waliofundishwa kazi hii wakiwa wadogo. Seremala alimtazama, akavua koti, akashika upande wa pili wa ubao. Tangu hapo wakawa wanafanya kazi pamoja. Tatizo lilikuwa moja tu: kila alichokigusa Mgeni kilivimba. Milango ilikataa kufunga, droo zikakataa kufunguka. Ikabidi Mgeni apewe kazi ya msumeno, nje kwenye jua, na kazi ya gundi ikabaki ya Seremala. Wateja walinung'unika, kisha wakazoea.

Kilichomkera Mwokaji hakikuwa maji. Maji yanafutika. Kilichomkera ni kwamba mumewe hakusema naye. Karakanani wale wawili walielewana kwa ishara, hata mara nyingine walicheka, lakini nyumbani Seremala alikuwa na maneno matatu: ndiyo, bado, na chumvi.

"Mimi nilikuwa namsubiri mmoja," Mwokaji alimwambia jirani yake siku moja, wakiwa wanaanika nguo. "Wamekuja wawili, na wote mabubu."

"Wewe angalau wamekuja," alisema Jirani. Mwanawe alikuwa ameondoka na kikosi cha kwanza, na hakuna aliyejua alikoishia.

Mwokaji alimshikia upande wa pili wa shuka, wakalikamua. Ila siku ileile aliamua kwamba kama mumewe hasemi, atamfundisha huyu mwingine kusema.

Wakaanza mchana, Mwokaji akishatoka kazini. Alikuwa anachambua maharage mezani huku akitaja kitu kimoja kimoja, na Mgeni akirudia. Kisu. Kiti. Dirisha. Mvua. Lilikuja swali la yeye mwenyewe aitwe nani. Dada lilikuwa karibu mno, na la mama alikuwa bado hajalifikia kwa umri.

"Niite shemeji," aliamua. "Umekuja na mume wangu. Sioni jina jingine."

"Shemeji," alisema Mgeni, na lilimkaa vizuri mdomoni.

Alikuwa mwepesi. Kabla miti haijapukutisha majani alikuwa anaomba radhi kwa maji, anaulizia hali ya miguu ya Jirani, na anajua kutania. Ila mfuatano wa mambo ulimpa shida, kipi kabla na kipi baada. Mwokaji akamfundisha kwa mkate.

"Kwanza unga. Kisha maji. Kisha moto."

"Kwanza unga, kisha maji, kisha moto."

"Vizuri. Sasa toa mfano wako."

Mgeni alifikiri. "Kwanza amani, kisha bunduki."

"Umegeuza," alisema Mwokaji bila kuinua macho kwenye maharage. "Kwanza bunduki, kisha amani."

"Sijageuza, shemeji."

Akainuka, akasimama katikati ya sebule. Alivuta kamba isiyoonekana, akasema, "Kengele." Akamkumbatia mtu asiyekuwepo, kisha mwingine, akawabusu mashavuni. Akashusha kitu begani, akakiegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua kadhaa kukionyesha kwamba hana shida nacho tena. Akainama, akavua viatu ambavyo hakuwa navyo, akavipanga pamoja. Akaingia majini taratibu, mabega yamepanda kwa baridi, na alipofika kiunoni akaanza kuimba. Aliimba kidogo. Akainua mkono, akapunga. Halafu akaweka kidole kwenye lile tundu chini ya titi.

"Kwanza amani," alisema. "Kisha bunduki."

Mwokaji alimenya kidole chake kwa kucha akidhani ni ganda la haragwe, mpaka alipoona damu ndipo alipoacha.

Hakungoja. Alikwenda karakanani na aproni yake ya unga. Seremala alikuwa anapaka gundi miguu ya meza.

"Mlivuka mto siku gani?" aliuliza.

Seremala aliweka brashi chini. Alitazama nje, ambako Mgeni alikuwa amewafuata na kukaa juu ya rundo la mbao. Kisha akasema, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu arudi.

"Ng'ambo kengele zilikuwa zinalia tangu asubuhi. Kamanda akasema ni mazishi. Tukawaona wanakumbatiana. Kamanda akasema ni hila. Huyu alikuwa majini mpaka kiunoni, anaimba. Akatuona. Akatupungia mkono."

"Na wewe?"

"Niliamriwa."

"Sijakuuliza uliamriwa nini."

"Nilimpungia," alisema Seremala. "Mkono huu. Halafu nikashika bunduki kwa yote miwili."

"Ulijua lini?"

"Baada ya kuvuka. Kamanda alitukusanya akatuambia vita vimekwisha tangu alfajiri." Akaokota brashi, akaitazama. "Tulishangilia. Tulirusha kofia juu. Nilipogeuka kuokota yangu, nikamkuta kasimama nyuma yangu."

Kamanda wakati huo alikuwa amekwisha kuwa mkuu wa mji. Kuvuka mto kulikuwa kumepewa jina, Ushindi wa Mtoni, na siku yake ya kuadhimishwa, na shule mbili mpya ziliitwa hivyo. Mwokaji alivaa gauni lake la kutokea, akamshika Mgeni mkono, wakaenda ofisini kwake. Seremala ilibidi aje nao, maana Mgeni hakuweza kukaa mbali naye, lakini aliishia kwenye benchi la nje.

Mkuu wa mji aliwapokea vizuri. Alisimama, akawavutia viti, akampa Mwokaji pole ya jua. Nyuma ya kiti chake hapakuwa na mtu. Vita vyote hakufyatua risasi hata moja.

"Mheshimiwa," alisema Mwokaji, "siku ile ya mto, habari ya amani ilikufikia lini?"

"Alfajiri. Kwa simu. Nilikuwa nanyoa ndevu."

Mwokaji alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayekana, atakayefoka, atakayemwita askari. Kwa jibu hakuwa amejiandaa.

"Na bado mkavuka."

"Mama, sikiliza," alisema mkuu wa mji kwa upole, kama mtu anayeeleza kwa nini duka linafungwa mchana. "Sisi tuliingia kwa kuchelewa. Hatukuwa tumeshinda popote. Sasa unakwenda kukaa kwenye meza ya washindi. Huyu anataja mji alioteka, yule anataja mlima. Wewe utataja nini? Tulihitaji walau mto. Na kiti tulikipata. Cha mwisho, upande wa mlangoni, lakini kiti."

"Watu wanajua?"

"Kila aliyekuwepo anajua. Tatizo liko wapi?"

"Huyu anataka kwenda kwao."

"Nina mke," alisema Mgeni. "Nina mtoto wa kike."

Mkuu wa mji alitikisa kichwa kwa masikitiko, na masikitiko yenyewe yalikuwa ya kweli. "Tatizo ni siku, ndugu yangu. Kwa mujibu wa historia, mto ulivukwa kabla ya amani. Ndivyo watoto wanavyofundishwa. Nikikupa ruhusa ya kupita mpakani, kule watakuuliza ulikufa lini. Na wewe utasema."

"Nitasema."

"Unaona," mkuu wa mji alimwambia Mwokaji.

Akapiga kengele aletwe mtu wa deki. Wakati wanatoka aliwaomba, kama hawatajali, wapite upande usio na zulia.

Seremala alipoambiwa, aliinuka kwenye benchi akapangusa suruali. "Nitampeleka mwenyewe," alisema.

Waliondoka wote watatu kwa treni, wakashuka kituo cha mwisho, wakatembea mpaka kwenye mpaka. Mpaka ulikuwa ni bomba la chuma lililopakwa rangi nyekundu na nyeupe, limelazwa kukatisha barabara, na kibanda kila upande. Mlinzi alikuwa kijana mwenye mafua.

"Wewe pita," alimwambia Seremala. "Mama naye apite. Huyu hapana."

"Kwa nini?"

"Amekufa vitani. Waliokufa vitani wamekwisha kulipiwa machozi kwao. Siwezi kuwarudishia watu kitu walichokwisha kukililia." Akapenga kamasi. "Si mimi, mzee. Ndivyo tulivyoelekezwa."

Ng'ambo ya bomba palikuwa na watu pia, wamekaa kwenye majani kando ya barabara, na nyuma ya baadhi yao walisimama wengine. Mwokaji alizitambua sare. Zilikuwa za kwao. Kisha akamtambua mmoja, kijana aliyefunikwa shavu la kulia kwa leso safi, amebeba chombo cha maziwa kando ya mwanamume mnene.

"Shikamoo mama," alisema kijana. Alikuwa mtoto wa Jirani.

"Marahaba mwanangu. Upo kwa nani?"

"Kwa huyu. Anauza maziwa. Mama yangu hajambo?"

"Hajambo, miguu tu inamsumbua. Mbona hurudi?"

"Huku wanasema mto haukuwahi kuvukwa. Kwa hiyo sijafika." Alirekebisha leso. "Na kama sijafika, siwezi kuondoka."

Mgeni na muuza maziwa walisemezana kwa lugha yao, bomba likiwa katikati. Muuza maziwa aliondoka na kijana wake. Kesho yake, jua likiwa limepanda, alirudi na mwanamke mmoja na msichana mdogo mwenye miguu mirefu.

Mwanamke alisimama mbele ya Mgeni, karibu kadiri bomba lilivyoruhusu. Walizungumza kwa sauti ya chini, si kwa haraka. Msichana alimtazama baba yake kwa makini, akapeleka kidole kwenye mkono wa shati lake, akaufinya, akayaacha maji yamtiririkie kiganjani. Maji yaliyodondoka chini yaliteleza kwenye mteremko, yakapita chini ya bomba, yakafika kwenye viatu vya mwanamke, yakaingia ndani. Hakusogea. Mlinzi aliyaona maji yanavuka na hakusema kitu, maana juu ya maji hakuelekezwa.

"Anauliza ni nani," alisema Mgeni bila kugeuka.

"Nani nini?" aliuliza Mwokaji.

"Aliyeniua."

Seremala alikuwa amesimama nyuma, karibu na kibanda. Alinyoosha mkono juu, kama mwanafunzi darasani, akaushikilia hapo. Mwanamke alimtazama. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, akarudi juu tena. Kisha akasema neno fupi, akamshika msichana mkono, wakaondoka.

"Amesema nini?" aliuliza Seremala, mkono bado uko juu.

Mgeni aligeuka. "Amesema alidhani utakuwa mkubwa."

Walirudi kwa treni ileile. Njia nzima hakuna aliyefungua mdomo, na safari hii Mwokaji hakuwalaumu.

Habari ya kwanza waliyoitoa mtaani ilikuwa ya Jirani. Mwokaji alimkalisha chini kabla ya kumwambia. Jirani alisikiliza huku anajikanda goti.

"Muuza maziwa," alisema mwishowe. "Basi atakuwa anaamka mapema. Mimi nilikuwa mpaka nimmwagie maji." Akaendelea kukanda goti. Baadaye akauliza, "Leso ilikuwa safi?"

"Safi kabisa. Imepigwa pasi."

"Haya," alisema Jirani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Siku ya Ushindi wa Mtoni ikafika. Uwanjani palijengwa jukwaa, shule zikaja na kwaya zao, na askari wa zamani wakapangwa mabenchi ya mbele, kila mmoja na mfu wake nyuma. Mkuu wa mji alisimulia jinsi vijana walivyovuka chini ya mvua ya risasi, adui akiwa amejichimbia ng'ambo kama kupe. Alisimulia vizuri. Mtoto mmoja wa kwaya alilia. Halafu akawaomba mashujaa wasimame wapigiwe saluti.

Wakasimama wote, na walio nyuma yao wakajiweka sawa, na maji yao yakakutana chini yakafanya kijito kilichoelekea kwenye mtaro. Seremala alibaki amekaa.

Mwokaji, aliyekuwa kwenye umati, aliona kichwa cha mumewe kimezama katikati ya migongo ya wenzake. Akadhani ameugua. Akajipenyeza mpaka mbele, akamkuta askari polisi amemwinamia.

"Simama, mzee."

"Tulivuka baada," alisema Seremala.

"Baada ya nini?"

"Baada ya amani. Vita vilikuwa vimekwisha. Mtu alikuwa anaoga." Hakupiga kelele, lakini uwanja ulikuwa umetulia kwa ajili ya saluti, na sauti yake ilifika mbali. Ilifika jukwaani pia. Mkuu wa mji aligeuza ukurasa wa hotuba.

"Tunajua, bwana," alinong'ona fundi bomba, amesimama kando yake na wafu wake wawili. "Nani hajui? Simama tu, jua kali hili, tumalize twende nyumbani."

"Simama," Mwokaji alitaka kumwambia mumewe. Neno lilimfika mdomoni. Alimtazama Mgeni, aliyekuwa amesimama wima kama wenzake kwa sababu ya adabu tu, tundu lake linachuruzika. Akalimeza.

Polisi wawili walimwinua Seremala kwa makwapa, bila kumuumiza, wakampeleka. Kwaya ikaanza. Mgeni aliinama kidogo kumwelekea Mwokaji, akasema, "Samahani, shemeji," akawafuata, nyayo zake zikibaki kwenye lami mpaka jua lilipozikausha.

Kesho yake, akitoka kazini, Mwokaji alipitia kituo cha polisi na mkate uliofungwa kwenye kitambaa. Askari wa zamu alikuwa amekunja suruali mpaka magotini. Korido nyuma yake ilikuwa imejaa maji.

"Mumeo kosa lake linajulikana," alisema. "Kudharau ushindi. Atapelekwa mbele ya hakimu. Lakini huyu mwingine amenishinda. Tangu jana nachota, hayaishi. Yeye kosa lake nini?"

"Hana kosa."

"Kweli?"

"Hana kosa lolote."

Askari alijikuna kichwa, akatazama korido, akatazama mlango wa barabarani uliokuwa wazi.

"Basi nitamfungulia. Atoke, aende zake."

"Aende wapi?" aliuliza Mwokaji.

Askari aliupokea mkate, akaubonyeza kwa kidole, akauliza kama ni wa leo.